Simu Niliyoiacha Foleni

Dada yangu alisema atashuka mlimani mara moja tu tena, na safari hiyo iwe ya dansi, isiwe ya hospitali. Goti lake la kulia limekwisha. Kutoka nyumbani kwake kule juu Kinole hadi mahali bodaboda inapoweza kufika ni mteremko wa nusu saa kwa mtu mwenye miguu yake. Yeye hutumia saa mbili na fimbo, akikaa kila penye jiwe. Aliposikia redioni kwamba Morogoro mjini kutakuwa na tamasha la muziki wa dansi wa zamani, wale wazee wa magitaa waliobakia watapanda jukwaani tena, alinipigia simu mwenyewe. Hilo si kawaida yake, maana kwake kupiga simu bila msiba ni uharibifu.

Akasema, "Mdogo wangu, nitafutie tiketi. Nitakaa tu nisikilize, sitacheza."

Hapo kwenye kutocheza nilijua anadanganya. Enzi za usichana wake alikuwa akishuka na ndizi Ijumaa, anauza sokoni, halafu nyumbani tunamwona Jumapili jioni. Alikuwa na viatu vya kisigino ambavyo mama yetu hakuwahi kuviona. Vilikuwa vinakaa mjini, kwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Mama yule hakuwa na maneno. Dada akiingia na ushuru wake wa ndizi mbili tatu, yeye anainama, anavitoa chini ya meza. Mimi nilikuwa navijua kwa sababu ndimi niliyekuwa nabeba mikungu. Nilinyamazishwa kwa soda.

Basi. Tiketi zenyewe hazikuuzwa dirishani. Walitangaza kwamba zitauzwa mtandaoni tu, siku moja, kuanzia saa nne asubuhi, na getini hakuna kitakachouzwa, ili kuwakomesha walanguzi. Mimi nina kitochi, simu ya vibonye, inapiga na kupokea. Simu kubwa anayo mpwa wangu, binti wa dada huyo huyo. Ninaishi kwake Kihonda tangu mke wangu alipofariki. Anafanya kazi kiwanda cha nguo, na kule kwenye mashine simu haziruhusiwi, kwa hiyo siku ya tiketi aliniachia yake.

Hapa lazima nieleze jambo. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mkubwa wake. Posa inapita kwa mjomba, kesi inapita kwa mjomba. Na neno la mjomba halirudishwi mbele ya watu, hata akisema mvua inatoka chini. Nilizaliwa nikalikuta hivyo. Nilipokuwa mtoto lilinikera, nilipokuwa mkubwa nikalifaidi.

Asubuhi ile, kabla hajaenda kazini, mpwa wangu aliniweka mezani kama mtoto wa chekechea. Pesa alikuwa ameshaweka kwenye simu. Ukurasa ameshaufungua. Namba ya siri alinitajia polepole, akanitaka niirudie mara tatu.

"Mjomba, huu ukurasa usiufunge. Kuna foleni. Zamu yako ikifika patakuwa kijani hapa, unabonyeza, unachagua tiketi mbili, unaweka ile namba, basi."

Nikamwambia aende kazini, nimesikia. Nilimjibu kwa ukali kidogo, kama mtu anayefundishwa kunywa maji.

Saa nne kikatokea kwenye kioo kimtu kidogo kinatembea juu ya mstari, na chini yake maandishi kwamba mbele yangu wako watu maelfu. Kusoma nilijifunzia ngumbaru, nikiwa tayari na ndevu, na hadi leo nasoma kwa kidole. Lakini neno foleni halikunisumbua. Foleni naijua kuliko sala.

Mtaani kwetu maji yalikuwa yanatoka siku mbili kwa wiki, na mengine yanakuja usiku na kukatika alfajiri. Hakuna mtu anayeweza kusimama pale muda wote huo. Kinachosimama ni ndoo. Unaweka ndoo yako, unamwambia wa nyuma yako, "Hii yangu, mimi niko nyumbani," halafu unakwenda kupika, unakwenda msibani, unakwenda popote. Kama ndoo huna, weka jiwe, weka hata kandambili moja. Mstari ukisogea watu wanaisukuma ndoo yako kwa mguu, na ikifika bombani kabla hujarudi, wa nyuma yako anakujazia na kuiweka pembeni. Nimewahi kurudi kutoka kuzika Turiani nikakuta ndoo yangu imejaa, imefunikwa na jani la mgomba. Aliyeifunika sikumjua. Miaka yote hiyo sikuwahi kuona mtu anarushwa zamu kwa sababu hayupo. Anarushwa kwa sababu ndoo yake haipo.

Nadhani umeshaona ninakokwenda.

Nilikaa na ile simu nusu saa, labda zaidi. Kimtu kinatembea, hakifiki. Kitu kimoja tu kilinitia wasiwasi: sikuona wa nyuma yangu nimuage. Baadaye nikajiambia kwamba watu wa mtandao wana utaratibu wao, wala hawawezi kuwa na adabu ndogo kuliko watu wa bombani. Nikaikunjia simu kitambaa, nikailaza mezani chali, kioo juu. Ukurasa sikuufunga. Nikafunga mlango kwa kufuli na kuweka ufunguo mfukoni.

Ningekuwa nimetoka kwenda zahanati, au kumjulia hali mgonjwa, leo ningeisimulia kwa sauti nyingine. Nilikwenda kwenye bao kujisifu. Nilitaka wale wazee wenzangu wajue kwamba mimi, mtu wa ngumbaru, saa hii ninanunua tiketi mtandaoni na kijana wa chuo mbele yangu na mwingine nyuma yangu.

Nikawaambia kabla sijakaa. Mtani wangu mmoja, ambaye hajawahi kunisifia kitu, akauliza bila kuinua macho kwenye kete.

"Hizo tiketi ziko wapi, Mluguru?"

"Ziko foleni."

"Na wewe uko hapa."

"Simu iko foleni."

Akafikiri, akacheza kete zake, akasema, "Hapo sawa. Mtu unasimama ya nini kama kifaa kipo."

Tulikuwa wazee watano pale, na hakuna aliyesema rudi. Siwalaumu. Nilicheza mchezo mmoja, nikacheza wa pili kwa sababu nilikuwa nashinda, nikaeleza tena habari ya kimtu kinavyotembea kwa mzee aliyechelewa. Adhana ya adhuhuri ndiyo iliyoniinua.

Nyumbani nilikuta simu imelala kama nilivyoiacha, kioo cheusi. Nilipokigusa, maandishi yalisema zamu yangu ilifika, na muda wangu umekwisha. Nikayasoma kwa kidole mara mbili. Palikuwa na mahali pa kubonyeza uanze upya, nikabonyeza, nikatupwa mwisho wa mstari. Mara hii nilikaa. Chooni sikwenda, chakula sikula, mgongo ulikuwa unaniuma na nikaona unastahili. Saa tisa maandishi yakabadilika yakasema tiketi zimekwisha, asanteni.

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kujiandaa kusema kweli, tangu saa tisa mpaka jua linazama. Mpwa wangu akaingia na vumbi la pamba kwenye nywele, akanisalimia, shikamoo mjomba, marahaba mwanangu, akauliza kwa macho kabla ya mdomo.

Nikasema, "Mtandao ulikata. Nimekaa hapa hapa toka asubuhi, sijanyanyuka."

Sentensi ya pili hakuna aliyeniomba. Niliiongeza mwenyewe.

Akaichukua simu. Kidole chake kilikuwa kinapanda na kushuka kwenye kioo, halafu kikasimama. Akasoma kitu. Hakunitazama. Akasema, "Pole, mjomba. Mitandao ndivyo ilivyo," kwa sauti ya kumpoza mgonjwa, akaenda kuwasha jiko. Alipokuwa jikoni nikaivuta ile simu nione alichokisoma. Kumbe wale watu huwa wanatuma na ujumbe. Ulikuwapo mmoja wa kusema zamu yako imefika, una dakika kumi. Na wa pili wa kusema zamu yako imepita. Saa zimeandikwa. Mtandao haukuwa umekata hata kidogo.

Alijua, na nilijua kwamba anajua, tukala ugali.

Nilipaswa kumpigia dada asishuke. Kila siku nikasema kesho. Alhamisi ya wiki ya tamasha akatokea mlangoni, amechoka mpaka midomo imekauka, na mkungu wa ndizi ambao bodaboda alimbebea, na kitenge kipya ameshonesha gauni la mabega mapana, la kizamani. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa. Walikuwapo majirani wawili, kina mama, wamekuja na maharage yao kuchambulia barazani kwetu kama kawaida. Chai ikaletwa. Dada akaziulizia tiketi.

Mpwa wangu akanitazama. Namkumbuka alivyonitazama, si kwa hasira, ni kama mtu anayekushikia mlango upite. Alinishikia muda mrefu. Mimi nilikuwa nakoroga chai, na sukari ilikuwa imeshayeyuka zamani.

Akasema, "Nisamehe, mama. Tumezikosa. Hii simu yangu mbovu, inakata."

Dada yangu ana ulimi. Alimsema mwanawe pale pale, mbele ya wale kina mama, kwamba mshahara wote unakwenda kwenye nywele, simu ya kumfaa mama yake hana, kwamba ukimzaa mtu ukampeleka mjini ujue umemtupa. Mmoja wa wale majirani akaongeza kwamba vijana wa siku hizi ndio walivyo. Mpwa wangu anachambua maharage tu. Na mimi, mjomba, ambaye neno langu halirudishwi, nilikuwa na neno moja la kusema. Nikaomba niongezewe chai.

Kesho yake dada aliondoka, siku moja kabla ya tamasha. Alisema hawezi kulala mjini akisikia watu wanasimulia. Gauni alilirudisha kwenye mfuko bila kulikunja.

Nilidhani litaisha kama yanavyoisha mengine. Halikuisha. Dada akawa hapokei simu ya mwanawe. Binti anapiga jioni akitoka kazini, inaita mpaka inachoka. Nikipiga mimi kwa kitochi, anapokea mara moja, ananiuliza habari za mgongo. Siku moja mpwa wangu alikuwa amekaa karibu, anaisikia sauti ya mama yake inatoka kwenye simu yangu, inacheka. Akainuka akaenda nje. Wiki ya tatu nikapanda mlima.

Nilimkuta dada anatandaza pilipili manga juani, juu ya mkeka. Nikakaa kwenye kinu kilicholazwa, nikamwambia yote, na bao, na michezo miwili, na ujumbe ule wa dakika kumi. Mikono yake haikusimama.

"Ulikwenda bao," akasema.

"Nilikwenda."

"Kujisifu."

"Ndiyo, dada."

Alitandaza mpaka mwisho wa mkeka. "Dansi nimeshaisahau," akasema. "Mwanangu nimemtukana mbele za watu, na wewe umekaa pale unakoroga chai. Nenda kamsafishe mbele ya wale wale."

Akanipa maji ya kunywa. Chakula hakunipa. Nina umri huu, na sijawahi kutoka kwa dada yangu bila kula, hata mwaka wa njaa. Niliteremka na tumbo tupu mpaka Mkuyuni, na hapo nikapita vibandani kwa mama ntilie bila kununua kitu, kwa sababu niliona huo si wakati wa kushiba.

Jumapili iliyofuata wale kina mama wawili walikuja barazani na maharage yao. Mpwa wangu alikuwa na ungo wa mchele wa Dakawa, anatoa mawe. Nikasimama, maana jambo la namna hii halisemwi umekaa. Nikasema kwamba simu yake ni nzima, kwamba aliyekosesha tiketi ni mimi, kwamba nililala na uongo wangu na nikamwacha mtoto aubebe. Wakauliza ilikuwaje. Nikaeleza.

Nilipofika pale nilipoilaza simu mezani ikashike foleni, mmoja wao akaweka maharage chini. Halafu wakacheka. Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta, akamwita mumewe atoke asikie, na mumewe akatoka na kusema kwamba hata yeye angefanya vile vile. Wakasema mzee pole, wakasema mzee huna kosa, huyo mtandao ndio hauna utu. Nami nikajikuta natabasamu.

Mpwa wangu hakucheka. Nikamgeukia, nikamwambia mbele yao, "Nisamehe, mwanangu."

Akasema, "Nimesikia, mjomba."

Akaweka ungo chini, akaingia ndani na simu yake, na baada ya muda nikamsikia anasema shikamoo mama, halafu kimya kirefu cha mtu anayesikiliza. Nilitaka kubaki na kile kimya. Lakini wale kina mama walikuwa wamemwita na jirani wa nyumba ya tatu, wakanivutia kigoda, wakanitaka nisimulie tena tangu mwanzo, na kimtu kinavyotembea. Nikakaa, nikawasimulia.