Nilivyoonja wali wa mbegu ya mama pale Temeke, nikatoa ushahidi unaonichanganya hadi leo

Wakuu, salaam aleikum, na ndugu zangu Wakristo, amani iwe kwenu. Walionizidi umri, shikamooni, ingawa nadhani humu ndani mmebaki wachache.

Nimesoma ule uzi wa mbegu za kienyeji na za kisasa, watu wanatukanana kwelikweli. Nikaona na mie niweke langu. Sitii chumvi. Kwa umri huu nikisema uongo, nitautubu lini?

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka ya hamsini. Tulikaa Temeke, enzi hizo ni minazi, mikorosho na nyumba za udongo hapa na pale. Mama alilima mpunga bondeni, upande wa Mtoni. Mbegu alirithi kwa mama yake, na sie nyumbani tuliuita mpunga wa bibi. Ukipikwa, jirani anajua.

Mwaka mmoja mto ulifurika ukabeba mpunga wote shambani. Ikabaki mbegu tu, ndani ya kibuyu kilichoning'inia juu ya mafiga. Ndivyo ilivyohifadhiwa, moshi uzuie wadudu.

Basi serikali ikafungua banda la majaribio karibu na bonde. Mkubwa wake alikuwa Mzungu, lakini tuliyezungumza naye ni msaidizi wake, Bwana Elia, Mkristo kutoka bara, mtu mpole sana.

Alipita kwa wakulima akieleza: leteni mbegu, tutazipima zinavyoota, nyingine tutapika watu waonje. Itakayoshinda itazalishwa na kugawiwa bonde zima.

Mama akaona hiyo ndiyo pona ya mpunga wa bibi. Akakishusha kibuyu aende nacho kizima.

Baba akamwambia, "Mama Saidi, bakiza hata kidogo."

"Kidogo cha nini? Cha kulishia ndege?"

Akaenda.

Kule bandani mbegu zilipangwa juu ya vitambaa vilivyoloweshwa. Nyingine zililowekwa kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, waone kama zitaamka upesi. Mama alikuwa akienda kuchungulia kila asubuhi kama anayemwangalia mgonjwa.

Ikafika siku ya kuonja. Wenye mbegu hawakuruhusiwa kuonja, ndiyo haki. Wakaitwa wazee wa mtaa na vijana wachache, nami nikiwemo. Mbele yetu sahani tatu za bati, kila moja ina utepe wa rangi yake, hakuna anayejua ipi ni ya nani. Wali mtupu, hauna nazi wala chumvi. Chakula cha mgonjwa, wakuu.

Bwana Elia akauliza, "Wazee wangu, sahani ipi nzuri?"

Mzee Kondo, mkubwa wetu pale, akafuta mkono. "Zote nzuri, alhamdulillahi."

"Sawa mzee. Na ipi mbaya?"

"Kijana, kwenu bara mtu akipewa chakula husema kibaya?"

Watu wakacheka. Elia akazunguka kwa wote, na wote wakajibu vilevile. Hata mie.

Msije mkawacheka wale wazee. Chuoni, kwa Maalim wetu wa Kurani, tulifundishwa kwamba chakula hakitiwi ila, yaani hakitolewi kasoro. Ukikipenda kula, usipokipenda acha, ufunge mdomo wako.

Elia alibaki kajishika kiuno. "Ndugu zangu, mkisifu zote, itachaguliwa ile inayoota vizuri tu. Ladha haitahesabiwa. Kesho nitapika tena, naomba mseme."

Mama aliposikia hivyo alichanganyikiwa. Alishaona vitambaani kwamba yake inaota kwa shida, tegemeo lake lilikuwa ladha tu. Akaniambia, "Saidi, kesho sema. Usinipendelee, wewe sema kweli tu. Kweli inatosha."

Nikaenda kwa Maalim wangu kuuliza.

"Chakula hakitiwi ila," akasema.

"Najua, Maalim. Lakini hapa naulizwa kama shahidi."

"Ushahidi nao haufichwi."

"Sasa nishike lipi?"

Akafikiri, akaniombea dua ndefu, akaniruhusu niende. Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Kesho yake nikaonja kwa makini. Utepe mwekundu, mzuri. Mweupe, wa kawaida. Mweusi, ukakasi, una moshi, hauna harufu ya wali hata kidogo.

Nikasema hivyohivyo, mbele ya wote. Mzee Kondo akanitazama kama nimevua kanzu hadharani. Lakini mmoja akanong'ona, "Kijana kasema." Mwingine akaitikia, kisha mwingine.

Elia akafungua siri. Mwekundu ni mbegu iliyoletwa na Mzungu. Mweupe wa jirani yetu. Mweusi wa mama.

Wakuu, wa mama yangu!

Nimekula mpunga wa bibi tangu naota meno, imekuwaje nisiujue? Kisha nikaelewa: nyumbani hatukuwahi kupika mbegu. Tulikula mpunga wa ghalani, ule wa kibuyuni ulikuwa wa kupanda tu. Hakuna aliyejua ladha yake, hata mama mwenyewe.

Nilimkuta nje na wanawake wenzake. "Mama, kwa nini hukuwaambia mbegu imekaa kwenye moshi?"

"Niliulizwa mbegu, nikatoa mbegu. Sikuulizwa imelala wapi."

Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulisema ulichoonja?"

"Ndiyo, mama."

"Basi."

Akaingia bandani kuaga. Akamkuta Elia anakung'uta vitambaa kwenye ndoo ya takataka, pamoja na zile mbegu chache za mama zilizoota.

"Unafanyaje, baba?"

"Tumeshazihesabu, mama. Hazina kazi tena."

"Mnahesabu mtoto aliyezaliwa, kisha mnamtupa?"

Elia akasimama. Akamwachia zote, akamfungia kwenye kitambaa kibichi. Mungu amrehemu popote alipo.

Mama alizipanda kwenye karai la tope nyuma ya bafu, kisha akazihamishia pembe ya shamba. Mavuno ya kwanza hatukuonja hata punje, yote yakawa mbegu. Ya pili ndipo akapika. Akatia nazi, akaniita nikae peke yangu mbele ya sahani.

"Haya, shahidi. Onja."

Nikala. Machozi yakanitoka, nikashindwa kujua kwa nini.

"Unasemaje?"

"Sijui, mama. Sijui kama ni mpunga, au nazi, au mkono wako."

Akavuta sahani, akaanza kula na yeye. "Leo ndiyo umetoa ushahidi."

Nilichojifunza: unaweza kusema kweli tupu juu ya ulichoonja, ukawa hujasema kweli juu ya kitu chenyewe. Banda silaumu, mbegu yao ililisha watu wengi na tulishukuru. Lakini bado nachanganyikiwa.

Waliosomea kilimo humu, nielezeni: ule moshi ulituhifadhia mbegu au ulituulia? Na wenye elimu ya dini: siku ile nilitoa ushahidi, au nilikitia ila chakula cha mama yangu?

Semeni bila kunionea haya. Nasoma polepole, lakini nasoma zote.