Mkwaruzo wa Upande wa Kushoto

Mkwaruzo ule ulianza mwezi wa mvua, na mimi, fundi niliyefunzwa jeshini wakati wa vita, niliusikiliza kwa mkono badala ya sikio. Lori lilikuwa la tajiri mmoja wa mjini Kisii, Mwislamu mpole aliyeniachia niliendeshe na kulitengeneza. Nilibeba pareto na ndizi kutoka Nyaramba, nikapitia Nyamira hadi Kisii, nikarudi na chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Kila nilipokanyaga mafuta nikiwa na mzigo, kitu kilisaga huko chini, krrr, krrr, kama jiwe la kusagia wimbi. Nikiachia, kimya. Gia ilikuwa ikitetemeka kiganjani mwangu, basi nikaamua ni giaboksi. Sikutaka kusikia lingine.

Niliifungua nyuma ya duka la tajiri kwa siku mbili. Niliosha gia moja moja, nikazipanga juu ya gunia, nikapata moja iliyomeguka jino. Nilifurahi sana kupata mwenye hatia. Nikatia nyingine kuukuu, nikamwaga oili mpya, nikalijaribu lori likiwa tupu kwenye tambarare. Halikutoa sauti yoyote. Nikajisifu mbele ya watu waliokuwa wakinywa chai, na aibu ya maneno yale ninayo mpaka leo. Siku ya soko iliyofuata nilipakia ndizi, nikaanza kupanda mlima, na mkwaruzo ukarudi.

Mama mkwe wangu alikuwa abiria wangu wa kila soko. Kwetu Wagusii kuna chinsoni, yaani heshima na haya kati ya mtu na mama mkwe wake: hampeani mikono, hamketi karibu, hamtazamani machoni, na neno zito haliendi moja kwa moja. Kuketi nami mbele lilikuwa jambo lisilowezekana. Alipanda nyuma na ndizi zake, na kwa kuwa palikuwa na kidirisha mgongoni mwangu, alichagua pembe ya mwisho kabisa, ya kushoto, nisije nikamwona. Miezi mingi alikaa papo hapo, juu ya gurudumu.

Tulipokuwa na la kuambiana, mke wangu ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Alikuwa binti pekee, na kaka zake walikuwa wameenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chai Kericho. Jioni moja, akimenya ndizi za kupika, mimba yake ya kwanza ikiwa imeshakuwa kubwa, aliniambia, "Mama anasema gari lako linalia chini yake. Kule nyuma, kushoto. Anasema likipanda mlima, ubao unamtetemesha mpaka meno."

Nilicheka. "Mama yako ameanza ufundi lini?"

"Amenituma nikuambie."

"Basi mwambie auze ndizi."

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye kumenya. "Hilo sitampelekea," alisema.

Ingenichukua nusu saa tu. Ningemwomba mtu mwingine aendeshe, nami nipande nyuma nikae pale alipokaa yule mama, niweke sikio kwenye ubao. Au ningeinua gurudumu kwa jeki nikalizungusha kwa mkono. Sikufanya hata moja. Nilimwambia tajiri aagize gia mpya kutoka Kisumu, nikangoja.

Uchungu ulimshika mke wangu asubuhi, kabla gia haijafika. Mama yake, aliyekuwa amekuja kumwangalia, akaona mtoto amekaa vibaya. Tulimlaza mke wangu nyuma ya lori juu ya magunia ili tumpeleke hospitali, mama akaketi naye, mimi nikashika usukani peke yangu. Kabla ya Nyamira kuna mlima mrefu, na barabara ilikuwa tope. Nikaingiza gia ya pili, nikakanyaga mafuta. Mkwaruzo ulipanda, ukawa mlio wa chuma kinachokatika, kisha injini ikanguruma bure na lori likaanza kurudi nyuma. Nilivuta breki ya mkono, nikaruka chini kuweka jiwe. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limelala upande.

Sikuweza kupanda kule nyuma. Mama mkwe alikuwa mle, na mke wangu alikuwa akijifungua. Nilisimama karibu na taa za mbele, spana mkononi, nikisikia kila kitu. Wanawake waliokuwa wakipalilia karibu walikuja mbio. Mtoto alilia. Mke wangu hakusikika tena. Wanaume walileta kitanda, tukambeba kwa miguu kuelekea hospitali, lakini hatukufika naye akiwa hai.

Baada ya mazishi nililifungua gurudumu. Beringi ilikuwa imesagika ikawa changarawe ndani ya grisi, na ekseli, chuma kinachozungusha gurudumu, ilikuwa imekatika hapo hapo. Giaboksi ilikuwa nzima. Nilikaa chini nikalia na ile beringi mkononi. Nilitaka mama mkwe ajue. Nilitaka anitukane. Lakini ni nani angelibeba neno lile, wakati mdomo wetu tulikuwa tumeufukia?

Mtoto, msichana, alilelewa na nyanya yake. Alipofikisha miezi minne nilijikaza nikaenda Nyaramba. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, uso ameuelekeza kando, mtoto mapajani. Mimi niliketi mbali, uani, nikiangalia chini.

"Mwambie baba yako karibu," alimwambia mtoto. "Mwambie uji upo."

Nikaiona njia aliyonifungulia. "Mwambie nyanya," nilisema, "ilikuwa kule nyuma, kushoto. Pale pale alipokuwa akikaa."

Alimfunika mtoto shuka vizuri.

"Mwambie baba yako, nilimtuma mama yako," alisema. "Muulize kama alimfikishia."

Ningeweza kusema hapana. Aliyejua alikuwa amekufa, na nyanya angeamini kwamba binti yake alisahau. Nilihisi hapana ile ikija mpaka ulimini, na naona haya kuikiri.

"Mwambie nyanya alinifikishia," nilisema. "Nami nilicheka."

Mama mkwe aliinuka na mtoto, akaingia ndani. Baadaye alitoka, akauweka uji kizingitini, akarudi. Niliunywa wote. Aliishi miaka mingi baada ya siku ile, na binti yangu alikua akajua kusema, lakini nyanya yake hakumtuma kwangu tena na neno lolote.