Yaya wa Sunniva na Mlango Usio na Kufuli

Wazee wa Bergen waliomfahamu Tora walimkumbuka kwa mambo mawili: sauti yake nzito, na mlango wake ambao haukupata kutiwa kufuli.

Alikuwa binti wa mkaushaji samaki, akaolewa na fundi wa mashua. Mtoto wake wa kwanza alifariki kabla ya kubatizwa. Maziwa yalikuwa yangali yanamtoka watu wa mfalme walipokuja kumtafutia kichanga wao mama wa kumnyonyesha. Hivyo ndivyo Tora alivyoingia katika nyumba ya mfalme, akampakata Sunniva, binti wa mfalme. Na tangu siku hiyo moyo wake haukuweza tena kumtenga mtoto aliyemzika na yule aliyemnyonyesha.

Sunniva alipopevuka, aliposwa na mfalme wa Leon, mbali kusini, ambaye hapakuwa na mtu pale aliyewahi kumwona. Hakuulizwa kama anataka, na Tora, aliyeamriwa kufuatana naye, naye hakuulizwa. Siku ya kuondoka, mama yake binti alimshika Tora mkono pale gatini.

"Siku atakayojifungua, uwepo," alisema. "Usimwache mikononi mwa wageni."

"Nitakuwepo, bibi," Tora akajibu, na hilo likawa kwake kama kiapo cha kanisani.

Huko Leon walianza kwa kumvua binti jina lake. Lilikuwa gumu vinywani mwao, wakamwita Malkia Elvira. Tora peke yake ndiye aliyebaki kumwita Sunniva, tena faraghani. Yeye mwenyewe walimwita Bibi wa Samaki, kwa ajili ya wale samaki wakavu aliotoka nao kwao, ambao aliwatwanga kwa nyundo ya mti kabla ya kuwala kwa siagi.

"Bibi wa Samaki," Froila, bawabu wa nyumba ya malkia, alizoea kumtania, "leo unapasua kuni au unapika?"

"Napika. Hiki chakula kinataka mwenye meno. Wewe endelea kulowesha mkate wako."

Uchungu ulimshika malkia asubuhi moja, wakati wa kuvuna zabibu. Kwao Tora, mwanamke akishikwa na uchungu, hakibaki kitu nyumbani kilichofungwa. Nywele hufumuliwa, masanduku hufunuliwa, makomeo huvutwa, hata kamba ya mashua hulegezwa, kwa kuwa waliamini mwili wa mama hufuata nyumba. Basi Tora akazunguka chumbani kimya kimya, akifungua hiki na kile, na wajakazi wakamcheka kidogo wakamwacha.

Ndipo akaingia Bibi Mensia, mkubwa wa wanawake wa jumba lile, ameubeba kwa mikono miwili mshipi wa mtakatifu uliotunzwa kanisani. Hapakuwa na malkia wa Leon aliyezaa bila kufungwa mshipi ule tumboni. Akaufunga, akakaza mafundo.

"Bibi, nakusihi, usimfunge," Tora alisema.

"Unamkataa mtakatifu?"

"Mtakatifu simkatai. Ninachokataa ni fundo."

Sunniva aligeuza uso kitandani. "Yaya," alisema kwa lugha ya kwao, "ufungue. Unanibana roho."

Tora hakungoja kuambiwa tena. Bibi Mensia alipogeuka kuchukua maji, yeye aliyalegeza mafundo yale, akaubusu mshipi kwa heshima, akaulaza juu ya mto. Kule Bergen mwanamke yeyote angemshukuru.

Bibi Mensia hakupaza sauti. "Mtoeni," alisema.

Walimtoa kwa kumshika mikono. Nyuma yake mlango ukafungwa, na Tora akasikia ufunguo ukizunguka. Akamgeukia bawabu aliyeushika ufunguo huo.

"Froila, mwanangu, fungua hilo kufuli."

"Ukiingia humo mimi sina kazi tena."

"Siingii. Zungusha ufunguo tu, mlango ubaki umerudishwa. Nitakaa hapa hapa chini."

"Sasa mlango usiofungwa utakufaa nini, na wewe huingii?"

"Si mimi utakayemfaa."

Froila aliutazama ufunguo, kisha akauchomeka kiunoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wa kulisha. Ndani, Sunniva aliita, "Yaya," na Tora akaitika kwa kupitia ubao wa mlango. Akaita tena, Tora akaitika tena, mpaka ikatoka amri apelekwe uani, mahali ambapo sauti haikufika. Huko, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufungua, alifungua viatu vyake, akafungua mkanda wake, akaanza kufumua pindo la gauni lake uzi kwa uzi.

Jua lilipopinda, kengele zikalia. Froila alikuja mwenyewe kumpa habari.

"Mtoto wa kiume. Mama mzima. Walimfunga mshipi tena, Bibi wa Samaki, ikawa heri." Alisema hayo kwa upole, kama mtu anayempelekea mwenzake zawadi.

Basi ikajulikana kote jumbani kwamba mshipi ndio uliomwokoa malkia, na kwamba alichofanya Tora kilikuwa uchawi. Mfalme, kwa furaha ya kupata mwana, hakumwadhibu. Aliagiza tu arudishwe kwao pamoja na wafanyabiashara wa sufu. Tora aliomba kuaga, akaambiwa malkia amepumzika. Alipopandishwa juu ya nyumbu alitazama juu madirishani, lakini yote yalikuwa yamefungwa, mzazi asipigwe na upepo.

Bergen, kila meli ziliporudi baada ya baridi, Tora alishuka gatini.

"Sunniva hajambo?" aliwauliza mabaharia.

"Sunniva yupi?"

"Malkia wa Leon."

"Malkia wa Leon anaitwa Elvira, mama. Nasikia ana mimba nyingine."

"Atajifungua lini?"

Baharia alicheka. "Mama, mimi nauza ngozi."

Kwa kuwa hakujua siku, alizishika siku zote. Aling'oa kufuli mlangoni, akaacha kusuka nywele, na sanduku lake likakaa wazi mvua na jua. Mume wake alinung'unika, kisha akazoea, kisha akafa. Miaka ikapita.

"Tora, wezi wataingia," jirani yake Ragna alimwambia.

"Waingie. Wachukue samaki, kama wana meno."

"Lakini huyo malkia wako si keshakoma kuzaa?"

Tora alimgeukia. "Nani amekwambia?"

Ragna aliinuka aende zake. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Wala Tora mwenyewe hapakuwa na mtu aliyemwambia neno. Ragna akatoka, na kwa mazoea akauvuta mlango nyuma yake. Tora akainuka polepole kwenye kigoda, akaenda kuufungua.