Debe na Sanduku la Stima

Siku hizo za chama kimoja, sisi wa Munyaka tulisaga mahindi kwa poshomili moja, na mzee wangu, baba watoto, ndiye alikuwa fundi wa stima hapo. Debe ya kukingia unga ilikuwa ya mwenye mashine. Ukishamwaga unga wako kwa gunia, uligonga hiyo debe kwa sanduku la chuma la swichi lililokuwa ukutani, pa! pa!, ndio unga wako usibaki ukaenda na mwingine. Kila mama alifanya hivyo. Mimi pia.

Lile sanduku likaoza kwa kutu. Mwenye mashine akaleta jipya, la plastiki, rangi ya kijivu, zuri kweli. Mzee wangu alilileta nyumbani kwanza, akaliweka sakafuni, akaangusha nyundo juu yake kutoka kimo cha goti. Kona ikafanya alama nyeupe.

"Mama watoto, unaona hii namba? Inasema sanduku linavumilia kipigo gani. Hili ni la ofisi. Pale kwa debe halitakaa."

Alimwambia mwenye mashine. Akajibiwa la chuma halipatikani. Basi akalifunga ukutani, akapigilia mbao mbele yake kulikinga. Wamama wakamcheka.

"Fundi, umetuletea bibi arusi? Mbona unamfunika?"

"Huyu hapigwi, mama. Gongeni debe kwa ukuta."

"Ukuta ni wa udongo! Unataka watoto wangu wakule mchanga?"

Hata yeye alicheka.

Mahindi yakavunwa. Mzee akaitwa kazi Moiben, akakaa huko siku kadhaa. Nyuma yake magunia yakakosa nafasi, mwenye mashine akang'oa zile mbao. Sanduku likabaki wazi, na mikono ya wamama ikarudi pale ilipozoea. Pa! pa! Mpaka likapasuka juu. Mwenye aligonga hiyo ya mwisho namjua, jina lake ninalo kama majina ya wote waliokuwa hapo. Sitalitaja. Alilia kwa matanga kuliko mimi.

Mvua ikanyesha, na paa ya mabati ilikuwa inavuja juu ya lile sanduku. Mzee wangu alishuka kutoka Moiben jioni hiyo, akapita poshomili kabla ya kufika nyumbani, kwa sababu aliona moshi. Mimi nilikuwa kwa foleni na gunia langu. Mashine ilikuwa inanguruma na wamama wamesimama karibu.

"Rudini nyuma! Mama watoto, rudi nyuma!"

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, na mimi nilirudi nyuma kama alivyosema. Akanyoosha mkono azime swichi. Kifuniko kikamvunjikia mkononi, vidole vikaingia ndani penye maji na nyaya za umeme. Kuanguka kwake sikukusikia, mashine ilikuwa na kelele.

Unga wa matanga ulisagwa hapo hapo, tungesaga wapi kwingine? Sanduku la chuma lilikuwa limepatikana sasa, zito, jipya, liko ukutani. Wamama walijaza debe, wakamwaga, halafu kila mmoja akaiinamisha akapangusa ndani kwa kiganja, polepole, mpaka unga ukaisha. Hakuna aliyegonga.

Wasichana wa siku hizi wananunua unga wa pakiti. Mimi bado nasaga. Na debe naipangusa kwa mkono.