Ndama wa Atupele

Asubuhi moja ya baridi kule Masukulu naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na tangu niliposikia ng'ombe wako wa mkopo amezaa ndama jike, haitoki kichwani. Kaa kidogo nikusimulie.

Nilikuwa bado bi harusi. Mimi na baba yako tulipata ng'ombe wa maziwa kwa utaratibu huu huu wenu: unapewa ng'ombe, na ndama jike wa kwanza unamlea, akikua unampa jirani aliye kwenye zamu. Zamu ilikuwa ya Atupele, mjane mwenye watoto wadogo.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mjanja, na ujanja wake ulinichekesha mara nyingi. Huu haukunichekesha. "Ndama mwenyewe si wetu," alisema, "wa nini kumjaza maziwa?" Basi maziwa mengine tukayanywa, mengine tukayauza kituoni, kwa wanunuzi wa maziwa, ndama akawa anakorogewa pumba za mahindi kwa maji ya moto. Tumbo la ndama mchanga haliwezi pumba tupu. Akaanza kuhara, manyoya yakamsimama, mbavu zikahesabika.

Bibi yako hakugombana na mwanawe. Asubuhi hiyo alimwita Atupele, akamwingiza bandani, kisha akamgeukia baba yako. "Haya, mweleze mwenye ndama, ndama wake anakula nini."

"Pumba, mama," akajibu, macho chini.

Atupele hakulalamika. Alifungua pindo la khanga yake, akatoa dagaa waliotwangwa vizuri. "Bwana mifugo alisema dagaa wanamtia ndama nguvu. Wanangu leo watakula majani ya maboga, haidhuru. Mchanganyieni." Kisha akatushukuru, "Ndaga fijo kwa kunitunzia." Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Bibi yako alimrudishia dagaa wake. "Wapelekee watoto mboga yao. Mama wa huyu ndama ana maziwa. Tunayanywa sisi."

Jioni baba yako alikamua, akanipita na ndoo, akaenda kumnywesha ndama.

Ndama alipona, lakini alidumaa. Wa rika lake walikuwa wameshaanza kukamuliwa, yeye hata mimba hajashika. Kitindamimba wa Atupele alianza shule hajaonja maziwa ya kwao. Kila nilipomwona akipita njiani, roho iliniuma.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Natumaini ndama wako alinyonya kwanza yale maziwa mazito ya njano, kabla hujafikiria ndoo. Sasa, asubuhi na jioni, fungu lake litoke kabla ya la kituoni. Akianza kutafunatafuna nyasi, mwonjeshe kiganja cha chakula kikavu: pumba laini, mashudu ya alizeti, dagaa kidogo, chokaa ya mifugo na chumvi. Maji safi yasikosekane. Ongeza polepole, na akihara, usibahatishe, mwite bwana mifugo. Mtu akikuambia huyo si wako, mwambie kuna watoto wanaomsubiri.

Mungu akubariki, mwanangu, akupe mkono usiopunja. Na siku utakapomtoa ndama huyo, watoto wa jirani wampokee ameshiba.