Bidoni Niliyoisukuma

Swali lile liliulizwa katika kikao cha kwanza cha wazazi, na aliyeliuliza alikuwa mwanamke ambaye mtaa mzima tulimwita Kaku, kama Wakasai wanavyowaita bibi zao. Tulikuwa tumeketi juu ya matofali katika kiwanja cha nyumba ambayo haijakwisha kujengwa, huku Naviundu, hatua chache kutoka mtoni. Wazazi walitaka watoto wakusanyike kila Jumamosi asubuhi wafundishwe kuishi na watu: kusema kweli, kugawana, kumtetea aliye mdogo, kuomba msamaha. Katika njia yetu moja tu kulikuwa na Wakatoliki, Wamethodisti, watu wa makanisa ya uamsho, familia moja ya Waislamu na baba mmoja asiyeomba popote. Kwa hiyo walipatana kwamba pale pasiwe na sala wala kitabu cha dini. Kila mtu na imani yake, nyumbani kwake. Mimi nilichaguliwa kuongoza kwa sababu ninaandika, na watu hudhani mtu anayeandika ana muda.

Kaku aliuza vitenge alivyovifuata mpakani, Kasumbalesa, na alikuwa amezoea kukisugua kitambaa kati ya vidole kabla ya kuamini kinachosemwa juu yake. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia.

"Mutoto akibakia peke yake, Mungu eko anamuona. Kwenu hapa, nani eko anamuona?"

"Eko anajiona yeye mwenyewe, Kaku," nilijibu, na nililipenda jibu langu.

"Yeye mwenyewe?" Alicheka polepole. "Mi nililea batoto saba. Mutoto akijiona, anajionaka muzuri tu."

Watu walicheka, hata mimi. Lakini Kaku alimwandikisha mjukuu wake, msichana wa miaka tisa hivi, mwembamba, mwenye tabia ya kufikiri huku ameuma ukosi wa gauni lake. Aliniambia atamwacha na ataangalia. Alilitamka neno hilo, kuangalia, kama mtu anayeweka sufuria motoni bila kuondoka jikoni.

Zikaja Jumamosi nzuri. Nilikuwa naleta hadithi niliyoikata katikati, pale mtu anapopaswa kuchagua, na watoto wakaimalizia kwa ugomvi mtamu, wakirushiana Kiswahili na Kifaransa kama mpira. Yule msichana hakuwa mwepesi kusema. Akisema, wengine walinyamaza. Siku moja walikuwa wakibishana kama ni wizi kuchukua embe lililoanguka nje ya ukuta wa mwenye mti, naye akasema inategemea kama ungelichukua mwenye mti akiwa dirishani. Nilirudi nyumbani nikiimba. Niliona nimempatia Kaku jibu lake, na kwamba siku moja nitampelekea.

Maji ya mtaa wetu hutoka kwenye bomba moja tunaloliita robine, alfajiri, na huondoka yanapotaka. Hakuna mtu mwenye muda wa kusimama pale saa mbili, kwa hiyo tunaopanga foleni si sisi, ni bidoni zetu, yale madumu ya plastiki. Unaweka yako nyuma ya ya mwisho, unarudi nyumbani kuwasha mkaa au kuwaamsha watoto. Foleni inaposogea, aliye karibu anazisogeza zote. Zamu yako ikifika nawe hupo, anayekufuata anakujazia au anakuita kwa sauti. Hakuna anayeruka. "Bidoni iko muntu," watu husema, na katika mtaa unaogombana juu ya kila kitu, hilo halina mpinzani.

Asubuhi moja ya Oktoba, joto likiwa limeshaanza kupanda kutoka kwenye udongo mwekundu kabla hata ya jua, nilikuwa nimechelewa. Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimeandika hadithi ya siku hiyo hadi dakika ya mwisho, na maji ya robine yalikuwa yameshaanza kusinyaa na kuwa uzi. Mbele ya bidoni yangu ilibaki moja, na mwenyewe hakuwapo. Sikuita. Sikuuliza ni ya nani. Niliisukuma kwa mguu hadi nyuma kabisa, nikaweka yangu chini ya uzi ule wa maji. Wanawake wawili waliniona, lakini mimi nilikuwa yaya, kama huku tunavyomwita kaka au dada mkubwa, anayefundisha watoto, na pengine walidhani nina sababu. Bidoni yangu ilipojaa, robine ilikohoa mara mbili, ikakauka.

Msichana hakuja asubuhi ile. Jumamosi iliyofuata hakuja pia. Nilipowauliza wenzake, waliniambia kwa mpigo mmoja, kama habari tamu: Kaku amemkataza. Alitumwa maji akarudi na bidoni tupu, akasema aliiweka mahali pake kwenye foleni, akaenda kumvalisha mdogo wake, akaikuta mwisho. Kaku akamjibu kwamba bidoni haina miguu, alikuwa akicheza na sasa anaongeza uongo. Akampiga, akampigisha magoti uani hadi adhuhuri. Kisha akatangaza mtaani kwamba hayo ndiyo wanayojifunza watoto mahali pasipotajwa Mungu, na hamrudishi tena. Mama wawili wengine walikuwa wameanza kufikiri kama yeye.

Ningependa kuandika kwamba niliondoka palepale kwenda kwake. Nilikaa wiki mbili. Nilijiambia mambo mengi, na yote yalikuwa na umbo la hekima. Nikikiri, nilisema, kikundi kitakufa, na watoto ishirini watapoteza Jumamosi zao kwa bidoni moja. Nilisema Kaku alikuwa akitafuta sababu tangu mwanzo. Nilisema nitamfidia msichana kwa njia nyingine, nimletee kitabu, nimsifu mbele ya bibi yake. Asiyezoea sentensi anaweza kushindwa kujidanganya. Mimi nilijidanganya kwa ufasaha.

Kilichonitoa nyumbani ni kukutana na msichana mwenyewe. Alikuwa anatoka dukani na chumvi. Hakunikwepa. Alinisalimia kwa heshima, "Jambo, yaya," akapita, bila kuuma ukosi wake, bila kufikiri chochote juu yangu. Nilielewa kwamba hajui ni mimi. Alikuwa mtu aliyesema kweli, asiaminiwe, na sasa alikuwa anajifunza peke yake kwamba kweli haina kazi. Hilo ndilo somo nililokuwa nimelifundisha, nalo lilikuwa limemwingia vizuri kuliko hadithi zangu zote.

Nilimkuta Kaku sebuleni akikunja vitenge. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kabla hajanipa kiti, kwa sababu niliogopa kiti kingenipa muda. Nilimweleza nilivyochelewa, nilivyoisukuma bidoni, na kwamba mjukuu wake hakusema uongo.

Hakuacha kukunja. Alilinganisha pindo na pindo, akakipiga kitenge kwa kiganja, akachukua kingine.

"Nilimupiga bure," alisema mwishowe, akikitazama kitambaa.

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia kama anataka kikundi kifungwe, nitawaeleza wazazi wengine mwenyewe.

"Si miye njo ulikosea, yaya. Unaniomba miye juu ya nini?" Sasa alinitazama. "Enda umuombe yeye. Mbele ya benzake, pale munafundishaka. Jumamosi nitamuleta, na nitamurudisha na mukono wangu."

Nilielewa kwamba atamleta kusikia, si kubaki.

Jumamosi ile Kaku alikuja naye, wakaketi juu ya tofali la mwisho, karibu na tundu ambalo siku moja litakuwa mlango. Sikuleta hadithi. Niliwaambia watoto kisa chenyewe, bila kukikata popote. Nilimwomba msichana msamaha nikimtazama, na nikawaambia wote kwamba alipigwa kwa kosa langu. Mvulana mmoja akanong'ona, "Eh, yaya," kwa masikitiko ya mzee wa miaka sabini.

Sasa, pale tulikuwa na kanuni waliyoitunga watoto wenyewe, kwamba kabla ya kumhukumu mtu, mmoja wa wengine lazima aseme kwa mdomo wa mtu huyo: ajifanye yeye, aeleze kitendo kama mkosaji alivyokiona, hadi mkosaji mwenyewe akiri kwamba ndivyo. Niliisahau kwa hofu yangu. Wao hawakuisahau. Wakaanza kuulizana nani atasema kwa mdomo wa yaya, na mmoja alijitolea akaanza kuniigiza nikitembea kwa haraka na makaratasi yangu, wote wakacheka.

Msichana aliinuka kutoka pembeni mwa bibi yake.

"Miye nitasema," alisema.

Akaja katikati. Aliuma ukosi kidogo, akauachia.

"Miye njo yaya. Nilichelewa. Maji ilikuwa karibu kuisha. Niliona bidoni iko mbele yangu." Akaonyesha kimo chake kwa kiganja. "Niliona iko kadogo. Batu bakubwa habana na bidoni kadogo. Nikajua iko ya mutoto. Nikasema, mutoto hatanifanya kitu."

Aligeuka, akangoja, kama kanuni inavyotaka.

Hilo sikuwa nimemwambia Kaku. Sikuwa nimejiambia hata mimi, katika wiki mbili za kujiambia mambo. Bidoni ilikuwa ya lita tano, ya njano, na mguu wangu ulikuwa umejua vizuri unamsukuma nani. Kama ingekuwa kubwa, ningeita. Ningeweza bado kusema hapana, sikuona ukubwa wake, kulikuwa na giza. Hakuna aliyekuwepo ambaye angeweza kunipinga. Watoto ishirini walinitazama, na Kaku nyuma yao, na sikuhisi macho ya yeyote kati yao. Nilihisi tu mahali fulani ndani yangu pakifunguliwa kwa mkono mdogo.

"Ndiyo," nilisema. "Ndivyo."

Akaitikia kwa kichwa. Hakusema amenisamehe, wala sikumwuliza. Aliangalia nafasi iliyokuwa kwenye duara, kati ya mtoto wa Waislamu na yule aliyekuwa akiniigiza, akaketi hapo, akawauliza wenzake sasa hukumu ni nini, maana jua linapanda.

Kaku alisimama. Alijipangusa vumbi la tofali kwenye kitenge chake, akatuangalia kwa muda, sisi sote, akisugua ncha ya kitambaa kati ya vidole. Kisha akapita pale patakapokuwa mlango, akashika njia ya sokoni, peke yake, bila kumwita mjukuu wake.