Kipande cha Mbao Kiunoni mwa Baba

Baba mdogo alitoka kwenye chumba walimokuwa wanamwosha marehemu baba yangu, ameshika kipande cha mbao.

Nilikuwa mtoto, nimejibanza mlangoni, lakini nilikiona vizuri. Cha kujaa kiganja, kimepigwa msasa mpaka kinateleza, kimeshonewa kwenye mkanda.

"Alikuwa amekifunga hapa," akasema, akigusa kinena chake.

"Ni nini hicho?" mtu akauliza.

"Hirizi."

Akakitupa motoni.

Jamani, neno moja tu na maisha yetu yakaharibika. Baba alikuwa seremala, na alikufa ghafla kwa maumivu ya tumbo. Basi watu wakapata la kusema: uchawi umemrudia mwenyewe. Wateja wakaikimbia karakana. Shuleni nikaitwa binti wa mchawi. Mama akawa anatembea kichwa chini kama mwizi.

Na mimi nikawa namsikia baba. Cheka ukitaka. Kila nikipita karakana ile tupu, nasikia msasa: kwaru, kwaru, kwaru.

Miaka ikapita. Kaka yangu akaifungua tena karakana, mimi nikaenda chuo kusomea utabibu. Likizo moja nimerudi nyumbani, mchana kweupe, nikasikia tena. Kwaru, kwaru.

Nikachungulia.

Kaka kanipa mgongo, anasugua kipande cha mbao. Kilekile! Ukubwa uleule, mviringo uleule. Na cha baba hakuwahi kukiona. Siku ya msiba alifika tumeshazika.

Nywele zilinisimama. "Nani kakufundisha kuchonga hicho?"

Akakificha mfukoni. "Mbao tu hii. Mambo ya kiume, mdogo wangu, achana nayo."

Kisha akakohoa. Mkono wake ukakimbilia kinenani, ukabana. Vilevile alivyokuwa akifanya baba.

Nilirudi chuoni usingizi umenipaa. Nilikuwa na hakika baba amemwingia kaka, na kwamba atamchukua.

Ndipo siku moja mwalimu akachora ukuta wa tumbo ubaoni. Ngozi, mafuta, halafu misuli tabaka tatu, kila moja nyuzi zake zimelala upande wake. Mtoto wa seremala nikaelewa upesi: ni kama plaiwudi, ndiyo maana haupasuki ovyo.

"Lakini huku chini," akasema, "juu kidogo ya kinena, kuna njia. Kwa wanaume, korodani hupita hapo kushuka kabla mtoto hajazaliwa. Njia isipojifunga vizuri, au ukuta ukilegea, utumbo unasukuma kutoka. Ukinyanyua mzigo, ukikohoa, uvimbe unatokea. Ukilala, unarudi ndani. Hiyo ndiyo ngiri."

Akaongeza, "Zamani watu waliibana kwa mkanda wenye kigogo cha mbao. Haiponyi. Siku utumbo ukinaswa nje usirudi, damu haipiti, na mtu asipopasuliwa haraka, anakufa."

Mkanda wenye kigogo.

Nilitoka darasani mbio, nikampigia kaka simu. Akapokea mama, analia.

"Kaka yako yuko chini, anatapika! Tumbo limemkamata kama baba yako!"

"Mama, kinenani kuna uvimbe?"

Akaenda kumtazama, akarudi. "Upo. Mgumu kama jiwe. Lakini baba yako mdogo anasema hospitali hapana, atamfunga vizuri atapoa."

"Mama! Mkimfunga mnamuua! Mpelekeni sasa hivi!"

Sijui mama alipata wapi nguvu. Nasikia alimsukuma shemeji yake pembeni, akamwita jirani mwenye gari.

Walimpasua siku ileile. Utumbo ulishaanza kuwa mweusi, daktari akakata kipande, akaunga, akashona ukuta. Kaka alipozinduka akanong'ona, "Kumbe na hawa ni mafundi." Nikacheka huku nalia.

Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi. Nikamuuliza kaka, "Sasa niambie. Nani alikufundisha kuchonga?"

Kaka akamtazama baba mdogo.

Na baba mdogo, mzee mzima, akainua shati lake.

Mkanda. Na kigogo.

"Ninacho tangu ujana," akasema. "Kaka yangu, baba yenu, ndiye aliyenichongea, nami nikamfundisha huyu. Siku ile waliponiuliza ni nini, nikaona nikisema ukweli watanitazama na mimi. Ulimi ukasema hirizi."

Nilitaka kumrukia. Mama akanishika mkono.

"Miaka yote hii nimeitwa mke wa mchawi," akamwambia polepole. "Vua. Ukalale kitanda kile, wakupasue."

Akavua.

Leo kile kigogo alichomchongea baba kiko sebuleni, chini ya picha ya baba. Mgeni akiuliza, mama anamwambia ni nini na kinafungwa wapi, bila kuinamisha kichwa.

Wewe kaka unayesoma hapa umebana mkono kinenani, najua upo: nenda kaonyeshe. Daktari ameona wengi kabla yako. Baba yangu hakuuawa na uchawi, aliuawa na kuona haya.

Na ule msasa? Bado nausikia. Nikiusikia, nampigia kaka simu.